Jambazi Asiyekubali Kufa

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane

Baridi ya kiangazi. Vumbi mpaka ndani ya chai. Na habari ya kunimaliza: Mama Bitota anataka kumpa Jephté salle yetu!

Salle yetu! Ciné Mwangaza! Nyumba ya sinema, ya mabati, benchi za mbao, karibu na reli. Humo mimi, Kyungu Philémon, nilikuwa nashika mikro, kipaza sauti, na kufasiri filamu za majambazi, Kiswahili huku, Kiluba huku, watu wamejaa mpaka madirishani. Hadi leo Kamina nzima inaniita Père Micro. Hata pasta.

Tshilumba, mume wa Mama Bitota, aliangalia mashine. Mimi niliangalia maneno. Filamu zilikuja na lugha za huko zilikotoka, sikusikia hata neno moja. Haikunizuia. Mtu akifungua kinywa tu, mimi nimekwisha kujua anataka kusema nini. Mkubwa wa majambazi nilimwita Tonton Kofia. Polisi wote, Brigadier. Na acteur, yule mwenye filamu yake, nilimwita Mwana Kabongo, kwa sababu watu wa Kabongo hawachoki upesi.

Kisha simu zikaja, kila mtu akatembea na filamu mfukoni. Tshilumba akafa. Salle ikafungwa. Mama Bitota anakaa nyuma yake, peke yake, na anasema nyumba imenyamaza mno.

Jephté ana chumba cha michezo ya télé, wenyewe wanaiita jeu, kule sokoni. Kimekuwa kidogo, anataka pakubwa. Nilipata habari nikakimbia, kiatu kimoja hakikufungwa. Nikamwambia mama kwamba mrithi wa mikro ni mimi. Akafikiri, mkono shavuni. Akasema basi, siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana, sisi wawili tufungue salle, kila mtu na chake. Yeye atakuwa jikoni kwake anasonga bukari, ugali wetu. Atakayemchekesha mpaka jikoni, huyo atachukua ufunguo.

Nimekwisha kushinda! Jephté hata hadithi ya sungura hawezi kuimaliza.

Jumanne, tarehe 6

Upelelezi. Koti la marehemu baba, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, miwani ya Abigaïl. Abigaïl ni mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Aliniuliza ninakwenda kuiba nini. Nikamjibu kwamba mwanamke hapaswi kujua siri za vita.

Kufika mlangoni kwa Jephté tu, chumba kizima: "Wakomapo, Père Micro!" Walinijuaje? Ikabidi niitikie, "Eyo Vidye." Nikakaa.

Jephté mwenyewe akanipisha kiti. Ana ndevu sasa, ana mke na watoto. Zamani alikuwa anakaa benchi la mbele kabisa la salle yetu, muwa mdomoni, mate ya sukari mpaka kifuani. Sikumshukuru kwa kiti.

Kisha akachukua manette, kile kidude cha vitufe, akaanza kucheza. Nikatazama. Mawe, mama yangu!

Acteur, naye ni jambazi, ametoka gerezani, begi begani. Rafiki yake amemsaliti. Tajiri mmoja mnene yuko mezani anakula, kitambaa shingoni, anamwambia kuna kazi ya mwisho. Kazi ya mwisho! Filamu gani niliyofasiri haikuwa na kazi ya mwisho? Halafu banki. Halafu gari linapita sokoni na kuvunja sanduku za matunda. Halafu mvua, na Brigadier mzee aliyechoka, anakaribia pensheni. Nikasimama nikapiga kelele: wezi! Wamechukua filamu zetu zote wakazimwaga ndani ya mji mmoja!

Ikafuata aibu kubwa kuliko wizi. Tajiri yuko mezani anangoja. Na Jephté akaondoka! Akampeleka acteur kwa kinyozi. Kutoka hapo wakapanda baiskeli, wakaenda kuangalia maji. Tajiri akapiga simu. Hawakuitika! Nikamuuliza kama ana wazimu. Akasema kwa upole, "Tata, mu jeu hii unaenda kwenye weye unapenda. Hadisi itakungojea."

Hadithi ingoje mtu! Kwangu hadithi haikumngoja hata aliyetoka kukojoa.

Jumatano, tarehe 7

Nimepeleka mashtaka kwa Mama Bitota. Nimemkuta anatwanga majani ya sombe, na Jephté yuko juu ya bati lake anagongelea misumari. Fitina! Hata mtu hajaamka vizuri, yeye yuko juu ya paa la mjane anajipendekeza.

Nikasema mbele yao kwamba michezo ile ni mali ya wizi. Mama akauliza, imeibwa kwa nani. Nikasema kwangu. Akauliza, na mimi filamu zile nilizipata wapi. Swali la mtu asiyejua sanaa.

Jephté akateremka kutoka juu akicheka, misumari mdomoni. Akasema Père Micro ana haki. Waliotengeneza michezo ile nao walikuwa watoto, walikaa mahali fulani mbele ya majambazi walewale, nao walitamani kuingia ndani ya télé. Akasema yeye pia. Kila siku ya posho, kwenye benchi langu, alikuwa anamlilia acteur: usiingie mulango ile, Tonton Kofia iko nyuma! Na acteur aliingia. Filamu ikirudiwa, aliingia tena. Yeye, mtoto, analala na homa. "Sasa kwenye jeu, Tata, siingie. Minazunguka nyumba, minapita nyuma."

Niliikumbuka ile kelele: salle yote imesimama, mama wa samaki wa Kinkondja amepanda juu ya benchi na beseni lake, wanamwonya mtu asiyeweza kuwasikia. Tshilumba ameshika tumbo kwa kucheka. Siku zile! Nani atanirudishia siku zile?

Lakini vita ni vita. Nikamuuliza Jephté: na mwisho? Jambazi wako analipa? Kwa maana pasta alituruhusu kufungua Ciné Mwangaza kwa sharti moja, mwizi alipe. Mimi sikulivunja hata mara moja. Filamu ikiisha na jambazi ndani ya ndege, amejilaza na masanduku yake, anakunywa, nilikuwa nasema: hajui kwamba rubani ni mdogo wake Brigadier! Watu wanarudi nyumbani wametulia moyoni.

Jephté akajikuna kichwa. Akasema kwenye mchezo jambazi akifa, anaamka mbele ya hospitali. Nikafikiri ananitania.

Alhamisi, tarehe 8

Silaha yangu ya siku ya posho: filamu ya zamani, ya kweli, yenye mwanzo na mwisho. Nikafungua sanduku langu. Kaseti: mchwa wamezila, wameacha lebo tu. Disque, zile diski za filamu: hazipo hata moja!

Nikamuuliza Abigaïl. Akaniambia ziko kwenye bustani, kule mtoni. Nikaenda. Owé! Ametundika disque zangu zote kwa nyuzi juu ya mboga zake za lenga-lenga, kufukuza ndege! Anasema aliniomba ruhusa, nami nikaitika "ndiyo, ndiyo" bila kuinua kichwa. Uongo huo. Labda.

Zilikuwa zinazunguka na upepo, zinawaka kwa jua. Nilizitambua moja moja kwa mikwaruzo yake. Hii ni ya ndugu wawili na banki. Hii ni ya mzee aliyeua kwa sababu ya heshima. Tonton Kofia wote wa ujana wangu, wanalinda mboga! Nikageuza ndoo, nikakaa, na nitasema kweli, nililia kidogo.

Abigaïl akaja akakaa kwenye tuta. Akasema yeye zamani hakuja Ciné Mwangaza kwa ajili ya bunduki. Alikuja kusikiliza namna nilivyokuwa nambembelezea Mwana Kabongo yule fiancée, mchumba wake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akajibu kwamba hakupata nafasi, nilikuwa nasema mimi tu.

Disque moja ilikubali kuingia kwenye mashine. Ikaenda vizuri mpaka arusini. Pale bibi arusi akainua glasi, ikakwama. Akainua glasi. Akainua glasi. Nikajaribu kufasiri: ana kiu. Bado ana kiu. Huyu dada ametoka mbali! Lakini filamu haikutoka tena pale.

Sina filamu. Nina mdomo tu.

Ijumaa, tarehe 9

Mpango mpya, na wa hatari! Nitafasiri mchezo wa Jephté mwenyewe! Yeye acheze, mimi niseme. Mama Bitota akicheka, atakuwa amecheka kwa maneno yangu, na ufunguo ni wangu. Na mwishoni jambazi atalipa, kama zamani. Nitamteka adui kwa bunduki yake mwenyewe.

Nilikwenda kumwambia Jephté, nikijiandaa kwa matata. Akakubali palepale! Akasema hata mwaka jana aliniomba hivyo hivyo, nami nikamfukuza. Sikumbuki. Mtu anayekubali upesi namna hiyo anaficha kitu.

Nikataka kwanza kujua adui kwa mikono. Nikashika manette. Nilitaka acteur wangu awe mtu wa adabu, aliyelelewa. Nikamkuta mama mmoja barabarani, nikataka kumsalimu. Kitufe si kile. Nikampiga ngumi! Nikataka kumwomba radhi. Nikampiga teke! Yule mama akatoa bastola ndani ya mkoba wake wa sakosi, akaniua. Mji gani huu? Wazazi wa watu hawa wako wapi?

Mara ya pili nikachukua gari, nikaliendesha kikristo. Taa nyekundu, nikasimama. Walio nyuma wakapiga honi. Nikaendelea kusimama. Teksi ikanigonga, dereva akateremka akanivuta nje kwa kola. Chumba kizima kilikuwa chini kwa kicheko. Jephté alikuwa anafuta machozi, akasema toka afungue chumba hiki hakuona mtu akingoja taa.

Nyumbani Abigaïl aliniona naandika maneno ya kesho, akanishauri nifuate mchezo unakokwenda, nisiuvute. "Uwache mutu acheze." Nikamwambia kufasiri si kufundisha chekechea. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi, tarehe 10, siku ya posho

Naandika na viatu bado mguuni.

Watu walijaa! Wazee wa reli na makoti yao. Mama wa soko. Vijana wa Jephté. Tumefunika madirisha na pagne, vitenge vya wake zetu, tumepanga benchi, Jephté ameleta télé na batri zake. Mikro ya zamani, nimeifunga na kamba. Harufu ilikuwa ileile: mbao, jasho, karanga za kukaanga. Nikasema tu, "Bababa na bamama, huyu tunayemuona ni nani?" Na wazee wote kwa sauti moja: "Mwana Kabongo!"

Miaka yote ile, na hawakusahau. Nilitaka kufa pale pale kwa furaha.

Nikaanza. Tajiri mnene akawa Tonton Kofia, ingawa hana kofia. Nikasema ameiacha kwa fundi wa cherehani. Mji ule nikauita Kamina, na maji yale nikayaita ziwa Kisale. Jephté akaanza tabia yake, akaacha kazi ya Tonton na kwenda kwa kinyozi. Zamani ningekasirika. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kukimbia mbele yangu: Mwana Kabongo amefiwa na mjomba, lazima anyolewe! Mama wa soko wakaitika, eee, desturi ni desturi. Akapanda baiskeli, nikasema anakwenda Kinkondja kununua samaki wa kilio. Akagonga mti. Nikasema mti ule ni wa ukoo wa Tonton. Akaiba pikipiki ya polisi. Nikasema ni pikipiki ya mjomba, polisi waliichukua bila karatasi! Jephté alinigeukia, meno yote nje, akazidi kumpeleka kila mahali, nami nikamfuata kila mahali. Hakuna filamu iliyowahi kunipa nafasi namna hiyo.

Nikasikia kitu nyuma. Mama Bitota amesimama mlangoni, mwiko mkononi una bukari, anacheka! Anacheka amejiegemeza ukutani! Nimeshinda, nikasema moyoni.

Ikabaki mwisho. Nikamnong'oneza Jephté ampeleke Mwana Kabongo mbele ya polisi. Akakataa kwa kichwa. Nikamkanyaga mguu. Akaenda. Brigadier wakaja wengi, wakapiga risasi, Mwana Kabongo akaanguka. Télé ikawa nyeusi. Mama mmoja akasema "Owé, mwana wetu!" Nikateremsha sauti, nikawaambia kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, na ardhi ya Kabongo imempokea mtoto wake. Watu walitoa vitambaa. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu.

Na hapo télé ikawaka. Mwana Kabongo yuko mbele ya hospitali! Amesimama! Shati safi! Ananyoosha mabega!

Salle ililipuka. Vijana waliruka, eti acteur hakufa: "Acteur hakufake!" Hata wazee wa reli waliruka. Mama Bitota alipiga kigelegele na kucheka kwa sauti ambayo sikuisikia toka mazishi ya Tshilumba. Na mimi? Nikapiga kelele ndani ya mikro: amekufa! Nimesema amekufa! Kaeni chini, huyu ni maiti!

Hakuna aliyenisikiliza. Nikamnyang'anya Jephté manette nikamrusha Mwana Kabongo kutoka darajani. Akaamka mbele ya hospitali. Nikamlaza mbele ya lori. Hospitali. Nikamwendesha ndani ya maji mpaka mapovu yakaisha. Hospitali! Nesi gani wanafanya kazi mule? Kila akiamka, watu wanashangilia, wananiita jina, wanafikiri ndiyo mchezo. Nikavuta waya. Batri zikaburutika, télé ikaanguka, Jephté akaidaka kifuani kama mtoto mchanga. Giza. Benchi la mbele likavunjika na wazee wake.

Nikatoka nje bila mikro.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya ibada, Mama Bitota alituita wote wawili nyumbani kwake. Akampa Jephté ufunguo.

Nikapinga. Nikamkumbusha kwamba alicheka kwa maneno yangu, nilimwona kwa macho yangu na mwiko wake. Akakubali. Akasema alicheka sana, mbavu zinamuuma bado. Lakini pale alipocheka mpaka akasahau sufuria juu ya moto, ni pale yule mtu alipoamka. Na mimi ndiye nilikuwa nakimbia kumrudisha kaburini. Kisha akasema polepole, anaangalia salle, si mimi: "Bwana yangu alikufwa, Philémon. Hakuamuka. Huyu iko anaamuka. Umuache aamuke."

Nilimwona Tshilumba ameinama juu ya mashine yake, anapuliza vumbi, ananipungia mkono nianze. Macho yaliniuma. Vumbi la kiangazi.

Jephté akakohoa. Akasema salle itabaki na jina lake, Ciné Mwangaza. Na kila siku ya posho mikro ni ya Père Micro, mpaka achoke mwenyewe. Ameshatengeneza benchi la mbele. Anaomba jambo moja tu: jambazi akiamka, nimwache.

Yaani nimerudishiwa kila kitu. Sauti yangu, watu wangu, siku yangu. Nilipomsimulia Abigaïl alinishika mkono, jambo asilolifanya mchana. Akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Nimeelewa kosa lilikuwa wapi! Hatukumzika! Maiti isiyozikwa lazima iamke, kila Mluba anajua. Nimekwisha kusema na koro ya kanisa, waimbaji wetu: watajificha nyuma ya pagne, na jambazi akianguka tu, waanze wimbo wa mazishi kabla télé haijawaka. Watu watasimama na kuvua kofia, nani atathubutu kushangilia? Na mbele kabisa kutakuwa na jeneza. Jeneza la kweli! Nkulu, seremala, amekubali. Alitaka tu vipimo vya marehemu.

Kwa hiyo jioni hii nilirudi Ciné Mwangaza na kipimo cha kushonea cha Abigaïl, nikamwomba Jephté awashe télé na kumsimamisha yule mtu wima. Akamsimamisha. Alinishikia ncha ya chini ya kipimo juu ya kioo cha télé, mimi nikavuta mpaka utosini.

Marehemu ni mfupi sana. Ubao mmoja utatosha.